Mzazi mkongwe hatakuambia usimamishe gari

DESEMBA inapowadia, magari mengi huondoka mijini kuelekea mashambani. Hata hivyo, yapo machache yanayokwenda kinyume cha mkondo huo, yakiwa yamewabeba wazee wanaokwenda kuhudhuria harusi ya mjukuu, kumwona daktari bingwa jijini, au kuiona tu nyumba ambayo mwana wao ameijenga ugenini.

Chukua mfano wa familia inayowasafirisha baba wa miaka 80 na mama wa miaka 76 kutoka Kitale hadi Mombasa. Ni mwendo wa takriban kilomita 860: kama 70 hadi Eldoret, 310 nyingine hadi Nairobi, na 480 za mwisho hadi baharini.

Mwenye gari huanza maandalizi kwa kukagua magurudumu, breki na maji ya rejeta. Hiyo ni busara. Lakini kinachoiharibu safari ya wakongwe aghalabu ni kitu kisichokaguliwa na fundi yeyote, nacho ni haya. Mama aliyelelewa katika desturi ya kujisitiri hawezi kumwambia mwanawe wa kiume, sembuse mkwe aliyeshika usukani, kwamba anataka kwenda haja ndogo. Afanyalo ni kujinyima maji tangu usiku wa kuamkia safari. Chai ya alfajiri huikataa akidai kwamba hana hamu, na chupa ya maji anayopewa garini huipakata hadi mwisho wa safari bila kuifungua.

Kwa kijana, kiu ya siku moja ni adha tu. Kwa mkongwe ni hatari. Hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga, hivyo basi mwili waweza kuwa umepungukiwa na maji kabla mwenyewe hajajua. Figo nazo huwa zimepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuhifadhi maji. Isitoshe, wazee wengi humeza dawa za shinikizo la damu, na baadhi ya dawa hizo hufanya kazi kwa kuyatoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo. Aliyemeza tembe ya aina hiyo asubuhi, kisha akakaa bila kunywa kitu hadi joto la Mtito Andei, anaweza kushuka garini akashikwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Wapo pia wanaoamua kimyakimya kutoimeza dawa siku hiyo ili wasiwasumbue wenzao, na shinikizo likapanda njiani. Suala la kusogeza saa ya kumeza tembe linafaa kuamuliwa na daktari au mfamasia siku kadhaa kabla ya safari, wala si na mzee mwenyewe akiwa amekaa kitandani gizani.

Tatizo la pili hutokana na kukaa kitako. Mnamo 2007, Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti ulioonyesha kwamba kusafiri kwa saa nne au zaidi mtu akiwa ameketi huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya ndani. Jambo hilo halihusu ndege pekee, bali pia gari, basi na treni. Kwa watu wengi uwezekano wenyewe bado ni mdogo. Lakini aliyefanyiwa upasuaji majuzi, mgonjwa wa saratani, au aliyewahi kupata tatizo hilo, anapaswa kumwona daktari kwanza. Kinachosaidia ni maji ya kutosha, kuzungusha vifundo vya miguu na, zaidi ya yote, kushuka na kutembea.

Hapa ndipo dereva anapohitajika kuwa na hekima. Asiulize, "Je, tusimame?" Jibu analijua: "Endelea tu, mwanangu." Badala yake na atangaze kabla ya gari kuondoka kwamba atakuwa akisimama kila baada ya saa moja unusu au mbili, kwa kuwa yeye mwenyewe anataka kunyoosha miguu. Kila mtu ashuke, watoto pia. Mama aandamane na binti au mjukuu wa kike, baba na mjukuu wa kiume, na asiwepo wa kuulizwa anakwenda kufanya nini. Mzee akishaona kwamba kituo kipo kwa hakika, atakunywa maji.

Pana jambo jingine dogo ambalo wenye magoti mazima hulisahau. Vyoo vingi vya kando ya barabara ni vya kuchuchumaa, na mwenye maumivu ya magoti huenda akashindwa kuinuka. Ni heri kutafuta mapema, hasa Nakuru, Naivasha, Makindu na Voi, hoteli au kituo cha petroli chenye choo cha kukalia, hata ikibidi kununua chai msiyoihitaji. Nepi za watu wazima huuzwa katika maduka ya dawa. Mazungumzo hayo aachiwe binti.

Kuhusu kiti cha mbele, mzozo haukosekani. Baba hukitwaa kwa heshima yake ilhali mama, ambaye magoti yake ndiyo yaliyoharibika, hukunjwa nyuma katikati ya mizigo. Kwa maoni yangu, kiti hicho ni cha mwenye magoti mabovu zaidi, japo wa kumwambia mzee hivyo sharti awe dada yake mkubwa.

Njia yenyewe hubadilika mno. Kutoka Eldoret, barabara hupanda hadi karibu na mita 2,700 juu ya usawa wa bahari eneo la Timboroa, ambako baridi ni kali na hewa ni nyepesi kwa mwenye maradhi ya moyo au mapafu. Siku ya pili, gari huteremka hadi kwenye joto la Voi na Mariakani. Mavazi yawe mepesi yanayovaliwa moja juu ya jingine. Insulini ya mgonjwa wa kisukari isiachwe kwenye dashibodi wala kuzikwa katika barafu, kwani vyote viwili huiharibu.

Msilale njiani mkiendesha. Laleni Nairobi, na taa ya ushoroba iachwe ikiwaka, maana mkongwe anayeamka usiku katika nyumba asiyoizoea huweza kuchanganyikiwa na kujikwaa. Kwa sehemu iliyosalia, treni ya abiria iliyoanza kuhudumu kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017 inastahili kufikiriwa: ina vyoo, na mtu anaweza kusimama na kutembea. Kasoro yake ni foleni za ukaguzi wa mizigo kituoni, hivyo fikeni mapema.

Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, uso ukapinda upande mmoja, au akashikwa na maumivu ya kifua, msisubiri kufika mwisho wa safari. Hospitali zipo Eldoret, Nakuru, Naivasha, Makindu na Voi. Nambari za jamaa na orodha ya dawa anazotumia ziwe mfukoni mwake, wala si kwenye simu ya mtu mmoja.

Kisha kuna kurudi. Utafiti huo wa 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda hudumu kwa takriban majuma manne baada ya safari, na kwamba safari kadhaa zinazofuatana kwa karibu huizidisha. Mguu mmoja ukivimba au shavu la mguu likiuma siku chache baada ya harusi, apelekwe hospitalini. Usikandwe kwa mafuta. Na iwapo likizo ya dereva inaisha Jumatatu, arudi peke yake. Wazee wabaki Mombasa wapumzike, watafutiwe mtu mwingine wa kuwarudisha.