Kabla ya kununua kufuli la tatu, litazame duka lako usiku

MSIMU wa nyanya unapopamba moto pale Ilula, wilayani Kilolo, fedha taslimu hupita mikononi kwa kasi. Madalali, wapakiaji, wenye malori yaendayo Dar es Salaam, mama lishe na vijana wa bodaboda wanalipana papo hapo, kwa noti au kwa simu, na wengi hufunga hesabu giza likiwa limeshaingia. Ni neema kwa wilaya hii iliyoanzishwa mwaka 2002 kutoka Iringa Vijijini, lakini ni neema inayotazamwa na wengi, wakiwamo wasio na nia njema.

Mfanyabiashara wa kawaida akishaibiwa hununua kufuli kubwa zaidi, huongeza grili dirishani, kisha huanza kuulizia bei ya tofali za kujengea ukuta. Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha hizo, ambazo pengine ndizo mtaji wako wa mbegu na mbolea, toka nje jioni, simama upande wa pili wa barabara, ulitazame duka lako kama anavyolitazama mwizi. Je, mlango unaonekana? Nyuma kuna nini? Mtu akisimama pale kwa dakika kumi na nondo mkononi, nani atamwona?

Maswali hayo si ya askari polisi peke yao. Ni ya uchumi pia. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi: muuza mahindi ananunua gunia kwa Sh60,000, na baada ya kutoa gharama zote anabaki na faida ya Sh6,000. Likiibwa gunia moja, anatakiwa auze magunia 10 mengine ili kurudisha tu kile alichopoteza. Yakiibwa matano, magunia 50 yatakuwa yameuzwa bure. Mlinzi wa Sh100,000 kwa mwezi naye anameza Sh1,200,000 kwa mwaka, yaani faida ya magunia 200. Kwa mwenye duka dogo, mlinzi wa peke yake ni anasa. Kugeuza mlango au kufyeka kichaka ni gharama ya mara moja.

Wataalamu wameliandikia jambo hili kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1961, mwandishi Jane Jacobs wa New York, Marekani, alieleza kwamba mtaa hulindwa kwanza na macho ya watu wake: wenye maduka, wapita njia, na walioketi barazani. Mwaka 1971 mwanataaluma C. Ray Jeffery alitoa kitabu juu ya kuzuia uhalifu kwa kupanga mazingira, na mwaka uliofuata msanifu majengo Oscar Newman akaonyesha jinsi ngazi na korido zisizo na mwenyewe katika maghorofa ya serikali zilivyogeuka makao ya wahalifu. Hapa Afrika, Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la makazi ulianzisha mwaka 1996 programu ya miji salama, baada ya mameya wa Afrika kuomba msaada, na Dar es Salaam ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo kuingia.

Hata hivyo, Wahehe hawakusubiri vitabu hivyo. Tembe, nyumba ya asili ya maeneo haya, ilijengwa kwa miti na udongo, paa lake likiwa bapa na kufunikwa udongo, vyumba vikizunguka ua wa ndani ambamo mifugo ililala. Mwizi wa ng'ombe alilazimika kupita katikati ya watu, na kutoka na mnyama mbele ya milango ya kaya nzima. Nguvu ya tembe haikuwa unene wa ukuta, maana udongo hutobolewa. Ilikuwa kwamba hakuna pa kupita bila kuonwa au kusikiwa. (Ngome ya mawe ya Mkwawa pale Kalenga, ambayo ukuta wake ulikuwa mashuhuri, ilitekwa na Wajerumani Oktoba 30, 1894. Ukuta peke yake una mipaka.)

Mahindi nyuma ya duka

Sasa tuje kwenye maduka yetu. Kosa ninaloliona mara nyingi katika vijiji na miji midogo ya Kilolo ni kulima hadi ukutani. Kiwanja ni changu, ardhi ina rutuba, kwa nini isizae? Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na ifikapo Februari yamempita mtu kimo. Kuanzia hapo hadi mavuno, nyuma ya duka kuna ukuta wa kijani ambao mwenye duka ameulipia mbolea mwenyewe. Mtu anaweza kukaa humo kutwa nzima akihesabu wateja, na usiku akatoboa ukuta wa tofali za kuchoma bila jirani kuona kitu.

Si ajabu kwamba halmashauri za miji mingi nchini zimekuwa na sheria ndogo zinazokataza mazao marefu karibu na makazi. Wengi huzilalamikia, na mimi kama mchumi wa kilimo naelewa uchungu wa kuacha ardhi tupu. Lakini hakuna haja ya kuiacha tupu. Panda maharage, viazi mviringo, vitunguu, mboga, chochote kisichofika kiunoni, kwa upana wa hatua kumi kutoka ukutani. Mahindi yaanzie hapo. Kinachopotea ni debe chache.

Miti nayo itazamwe. Mparachichi wenye matawi yaliyoshuka hadi chini ni kichaka, na uliopogolewa matawi ya chini hadi juu ya kichwa cha mtu ni kivuli cha wateja. Na tawi likilalia bati limekuwa ngazi.

Kuhusu uzio, watu wengi hudhani ukuta mrefu wa tofali ndiyo salama kuliko vyote. Ukuta wa aina hiyo humzuia mwizi mmoja mvivu. Mwenye bidii akishauruka, ukuta unamlinda yeye: anafanya kazi yake kwa raha, na mpita njia haoni wala hasikii. Uzio wa michongoma uliokatwa ukabaki kimo cha kifua huchoma, hauruki mtu kirahisi, na bado jirani anaona ndani. Gharama yake ni miche, panga na subira ya miaka miwili mitatu. Wenye haraka wanaweza kutumia nguzo na wavu wa chuma. Lango liwe moja, na likabili barabara au nyumba ya mtu anayelala hapo. Lango la uani la kupitishia mizigo kwa urahisi ndilo linalopitisha pia magunia yasiyoandikwa kwenye daftari. Tusidanganyane, wizi mwingi wa ghalani hufanywa na mtu anayeujua mlango huo, si na mgeni aliyeshuka kwenye basi.

Taa inayosaidia na isiyosaidia

Nairobi, katika makazi kama Kibera na Mathare, taa kubwa za milingoti mirefu zilipowekwa wananchi walizibatiza jina la "mulika mwizi". Kwetu jina hilo tuliwapa simu ndogo zenye tochi. Jina ni zuri, ila taa haimuliki mwizi kama hakuna wa kumtazama. Taa inayowaka nyuma ya ghala ambako hakuna nyumba wala njia inamsaidia mwizi kuona tundu la kufuli.

Taa ya kwanza iwe juu ya mlango wa mbele, imetazama chini, si imetazama barabarani na kuwapofusha wapita njia. Iwe juu kiasi kwamba mtu hawezi kuifikia akinyoosha mkono, na waya wake upite ndani ya ukuta. Wengi tumeona duka lenye umeme likilala gizani kwa sababu LUKU imekwisha. Safu ya fremu sita inaweza kuwa na taa mbili za nje kwenye mita moja, kila mpangaji akichangia kidogo mwezi hadi mwezi, badala ya kila mmoja kutegemea taa ya mwenzake. Huko juu, Dabaga na Kidabaga, ambako ukungu wa Juni na Julai hufunika kila kitu, mwanga mkali hurudi machoni. Huko taa kadhaa ndogo, zilizowekwa chini kidogo na karibu karibu, ni bora kuliko moja kubwa.

Ndani ya duka, wakala wa huduma za fedha ndiye aliye hatarini zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, vibanda vya mawakala vimeenea kila mahali, na vingi vimebandikwa matangazo kuanzia chini hadi juu. Matangazo hayo humficha mwizi akishaingia. Kioo au wavu wa mbele uachwe wazi kuanzia kimo cha kiuno, kaunta ikae ili muuzaji atazame mlango, na droo ya fedha isionekane na aliyesimama foleni. Ni kazi ya nusu siku ya seremala.

Lipo jingine ambalo wenye maduka hawapendi kulisikia: msiwafukuze mama lishe na bodaboda. Kijiwe cha vijana mbele ya duka huleta makelele, ni kweli, na wapo wanaokitumia vibaya. Lakini muuza chipsi anayefunga saa nne usiku ni mlinzi usiyemlipa. Mtengee mahali penye mwanga, mpe benchi na pipa la taka, naye atakujua kwa jina. Ukimfukuza, barazani hapabaki tupu. Anakuja mtu mwingine usiyemjua.

Tahadhari

Ulinzi usizidi busara. Ghala la mahindi lililozibwa kila tundu kwa kuogopa wezi huhifadhi joto na unyevu, na mahindi ambayo hayajakauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake huota ukungu humo. Weka matundu ya hewa juu, karibu na paa, madogo kuliko kichwa cha mtoto, yenye wavu. Duka la pembejeo ni hivyo hivyo, maana moshi wa viuatilifu kwenye chumba kisicho na hewa humdhuru muuzaji kila siku, wakati mwizi huja mara moja kwa mwaka. Na kama kuna mtu analala ndani, grili moja ifungue kwa ndani, ufunguo ukining'inia mahali pajulikanapo. Moto hausubiri kukata nondo.

Wanaojenga kandokando ya barabara kuu, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Ilula, wakumbuke pia kwamba Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Fedha za grili na zege zilizowekwa ndani ya hifadhi zinaweza kubomolewa bila fidia. Hapo tumia banda la kuhamishika, na bidhaa za thamani zilale kwingine.

Swali la mwisho huulizwa mara nyingi: nikijilinda mimi, si mwizi atahamia kwa jirani? Wapo watakaohamia, hasa wale wanaotembea na kuchagua. Wengine walivutwa na mwanya tu, na mwanya ukikosekana hurudi nyumbani. Ndiyo maana ninashauri jambo hili lifanywe na safu nzima. Mkutano wa ulinzi shirikishi wa kijiji unaweza kutenga jioni moja, watu wakazunguka na tochi na kuandika kila kona yenye giza, kila kichaka na kila mlango wa uani.

Kwa wenye mpango wa kujenga kiangazi hiki, mchoro wa fremu uonwe na ofisi ya mipango miji ya halmashauri, na majirani waitwe siku fundi anapovuta kamba za msingi. Kuhamisha mlango siku hiyo ni kung'oa mambo mawili na kuyachomeka pengine.