Mbegu ya Uyoga na Ulezi Wake Chini ya Milima ya Uluguru

Uyoga si mmea, kwa kuwa hauna majani ya kijani ya kujitengenezea chakula. Ni tunda la kuvu, ambayo mwili wake halisi ni nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa ndani ya udongo, magogo au majani yaliyokauka na kuyameng'enya. Kwa hiyo anayelima uyoga nyumbani hulea nyuzi kwanza, na uyoga huja baadaye kama malipo ya ulezi huo.

Tanzania ina uyoga mwingi wa mwituni unaoliwa, kama kinavyoonyesha kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kilichotolewa mwaka 2003. Hata hivyo, ule unaopendwa sana, yaani uyoga wa vichuguuni, hulelewa na mchwa ndani ya viota vyao, na ndiyo maana haukubali kuhamishiwa chumbani. Unaokubali ni uyoga mamama, ambao ulianza kulimwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na ambao huota juu ya masalia yanayopatikana kwa urahisi mkoani Morogoro: mabua ya mpunga kutoka mabondeni na majani makavu ya migomba kutoka Uluguru.

Masalia hayo, ambayo huitwa vimeng'enywa, hukatwakatwa vipande vya sentimita 3 hadi 5, hulowekwa, huchemshwa kwenye pipa ili kuua vimelea, kisha huchujwa na kupozwa. Kipimo cha unyevu ni kiganja: konzi moja ikiminywa, yapenye matone mawili matatu tu, kwani maji yakichuruzika mfuko utaoza. Vimeng'enywa hupangwa kwenye mfuko wa plastiki kwa matabaka yanayopishana na mbegu, na mfuko hukaa gizani kwa takriban wiki 3 hadi uwe mweupe wote, ndipo utobolewe na kuhamishiwa penye mwanga hafifu, hewa na unyevu.

Mbegu hiyo kwa kweli ni punje za mtama zilizovikwa nyuzi. Anayetaka kuizalisha mwenyewe huuchana uyoga mchanga kwa vidole, hukata kipande cha nyama ya ndani kisichozidi punje ya mchele kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, na kukiweka juu ya rojo iliyogandishwa ya maji ya viazi, sukari na agari, ambayo ni dutu itokanayo na mwani. Nyuzi zikishatanda, huhamishiwa kwenye chupa ya mtama uliochemshwa na kutakaswa kwa mvuke wa nyuzi joto 121 ndani ya sufuria ya presha. Uzao huo hufanana na mama kwa kila sifa, lakini ukihamishwa mara nyingi mno hudhoofika. Na doa la kijani likionekana, chupa nzima hutupwa, kwa kuwa ukungu mwingine umekwisha kuitawala.

Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, ambako mashamba yako juu ya mita 1,000, baridi humsaidia mlezi, ilhali joto la mjini Morogoro humlazimu kumwagia maji sakafu na kuta kila siku. Popote alipo, uyoga wenyewe humweleza kasoro: shina refu lenye kofia ndogo hudai hewa, na kofia iliyopasuka kingo hudai maji.