Bafu Linalojiendesha: Taa na Feni

Taa ya bafuni inayojiwasha hutegemea kihisi, na vihisi vilivyozoeleka ni vya aina mbili. Kile cha bei nafuu hupokea joto la mwili na hushtuka linapohama. Mtu aliyetulia chooni hahami, kwa hiyo baada ya muda huachwa gizani. Anayeoga nyuma ya mlango wa kioo naye haonekani, maana kioo huzuia mionzi ya joto la mwili. Kihisi cha rada hutambua hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi.

Rada nayo hupenya mlango wa mbao na ukuta wa jipsamu. Ndiyo maana taa huwaka usiku wa manane bafuni kukiwa hakuna mtu, na watu wakaanza kutaja majini. Hakuna jini hapo. Kuna mtu aliyepita koridoni, au panga la feni linalozunguka mbele ya kihisi. Fundi hupunguza umbali wa kuona na kukigeuza kihisi, yakaisha. Vivyo hivyo balbu ya LED inayong'aa hafifu ilhali imezimwa: swichi janja isiyo na waya wa nyutro hupata umeme wake kwa kuupitisha kidogo kwenye balbu. Kapasita ndogo ikifungwa sambamba na taa huondoa mwanga huo.

Feni haifai kuunganishwa na swichi ya taa, kwani mwenye kuoga huizima akitoka, wakati mvuke ndio kwanza umetanda. Lakini kosa kubwa zaidi ni kanuni inayonakiliwa kila mahali, kwamba feni iwake unyevu ukipita asilimia 70. Kanuni hiyo inafaa nchi za baridi, ambako hewa iliyopashwa moto ndani ya nyumba huwa kavu. Dar es Salaam alfajiri, unyevu wa nje hupita 80 kabla hata mtu hajafungua bomba, na feni hukesha ikizunguka bure.

Asilimia haisemi kuna maji kiasi gani. Husema hewa imekaribia kujaa kiasi gani, na hewa ya joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Mita moja ya ujazo hujaa kwa gramu 17 hivi kwenye nyuzi 20, na kwa gramu 30 kwenye nyuzi 30. Hewa ya Nairobi yenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 90 haifikishi gramu 12. Ya Dar es Salaam, yenye nyuzi 28 na asilimia 80, inakaribia 22. Anayesoma asilimia peke yake ataiona Nairobi ndiyo yenye maji mengi. Kwa hiyo hufungwa vihisi viwili, kimoja bafuni na kingine pale hewa inapoingilia, na mtambo hulinganisha gramu. Tofauti ikifika 3, feni huwaka. Ikishuka hadi 1, huzimika. Zaidi ya hapo feni haisaidii sana, kwa kuwa hewa inayoingia ina maji karibu yaleyale.

Hewa hiyo lazima iwe na njia. Mwanya wa sentimita moja au mbili chini ya mlango hutosha, mradi feni iwe upande wa pili. Dirisha la luva likiwa jirani na feni, hewa huingia na kutoka bila kugusa ukuta uliolowa.

Programu inayoendesha taa na feni ikae ndani ya kifaa cha nyumbani, isitegemee intaneti, na balbu zipangwe zibaki zimezimwa umeme unaporudi baada ya kukatika.