Anachokijua Muuguzi wa Meno Kabla Hujadungwa Ganzi

"Nne sita," daktari anatamka bila kuinua macho, bado anachungulia kinywani. Muuguzi aliyesimama upande wa pili wa kiti anaandika, kisha anaandaa vifaa. Tarakimu ya kwanza imemwambia ni taya la chini, upande wa kulia. Ya pili, jino la sita kuanzia katikati. Kulia kwa mgonjwa, lakini, wala si kulia kwake yeye anayemtazama. Akijisahau hapo ataandika 36, na linaloweza kung'olewa ni gego zima huku bovu likibaki pale pale likiuma.

Jino hilo la sita lina kisa chake. Ni gego la kwanza la kudumu, na huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno 20 ya utotoni. Halisubiri jino lolote ling'oke ndipo lichukue nafasi. Mzazi haoni pengo, kwa hiyo hudhani nalo ni la utotoni, na likianza kuoza husema liacheni, litaota jingine. Halioti jingine. Muuguzi anayejua ratiba ya kuota kwa meno ndiye anayeweza kumtahadharisha mama aliyetoka Mwatate au Bura na mwanawe wa darasa la kwanza, tena mapema, wakati kuziba bado kunatosha.

Uingereza ilianza mwaka 2008 kuwataka wauguzi wa meno wasajiliwe na General Dental Council ndipo wafanye kazi. Kwetu Kenya, anayesimama kando ya kiti mara nyingi ni muuguzi wa kawaida aliyefunzwa kazi hiyo kazini, na wagonjwa humwona kama mshika trei tu. Mimi naona hesabu hiyo imekosewa, hasa katika kaunti kama Taita Taveta. Kutoka Taveta hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kutoka Voi kwenda Mombasa ni kama 150 nyingine, kwenye barabara iliyojaa malori. Mtu akizidiwa kitini, dakika tano za kwanza ziko mikononi mwa waliomo chumbani.

Ramani ya kinywa husaidia hapo kuliko watu wanavyodhani. Sindano ya ganzi ya magego ya chini hudungwa nyuma ya taya, karibu na mahali neva inapoingia ndani ya mfupa. Ikishika, nusu ya mdomo wa chini hufa ganzi, na kwa kawaida nusu ya ulimi pia. Sindano ikipita nyuma kidogo, dawa huweza kufikia tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambamo hupita neva inayoendesha misuli ya uso. Ghafla mgonjwa hawezi kufumba jicho na mdomo umekwenda upande. Jamaa akichungulia mlangoni atapiga kelele kwamba mzee amepooza. Muuguzi anayejua njia ya neva hiyo humwambia mzee akunje kipaji cha uso na ainue mikono yote miwili. Katika kiharusi, mara nyingi kipaji hukunjika lakini mkono mmoja hulegea. Ganzi iliyopotea njia hulegeza upande mzima wa uso, kipaji pamoja na jicho, ila mikono haiguswi na maneno hayavurugiki. Jicho litafunikwa lisikauke, na baada ya saa chache uso utarudi ulivyokuwa.

Dharura inayotokea mara nyingi zaidi ni kuzirai. Mtu ameiona sindano, mapigo ya moyo yanapungua, presha inashuka, jasho jembamba linamtoka, midomo inapauka. Kiti kinalazwa, miguu inainuliwa juu ya usawa wa moyo, na kwa kawaida dakika moja au mbili zikipita anafumbua macho na kuuliza kumetokea nini. Mjamzito wa miezi ya mwisho huinamishwa ubavu wa kushoto, kwa sababu uzito wa mimba hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Asipoamka upesi, muuguzi anatakiwa awaze mbali zaidi. Chukua mgonjwa wa kisukari aliyetoka Mgange alfajiri. Amedunga insulini yake kama kawaida, akaacha chai kwa kuwa jino linamuuma, akapanda matatu hadi Voi na kupanga foleni mpaka saa tano kwenye joto. Kutokwa jasho kwake kunafanana na kwa mwoga wa sindano, ila huyu anatetemeka, anajibu ovyo, pengine ana hasira zisizo na sababu. Tone la damu kwenye kipimo likionyesha sukari chini ya 4 mmol/L, apewe sukari, gramu 15 hadi 20 ndani ya maji, madhali anaweza kumeza. Akishapoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kwa maana kitaingia mapafuni. Hapo ni glukosi ya mshipani au sindano ya glukagoni.

Kuna adrenalini mbili katika chumba kile, na ole wake anayezichanganya. Moja imo ndani ya dawa ya ganzi, nyepesi mno, sehemu 1 kwa 80,000, kazi yake kubana mishipa ya damu ili ganzi ikae na damu isitoke sana. Nyingine ni ya sanduku la dharura, 1 kwa 1,000, nzito mara 80. Hiyo ndiyo inayomwokoa mtu ambaye dawa au glavu zimemdhuru hadi akavimba koo, akakoroma na presha ikaanguka: nusu mililita kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na kurudiwa baada ya dakika tano ikiwa hajapata nafuu. Ampuli ikishapita tarehe yake, sanduku lile ni pambo. Kulikagua kila wiki ni kazi ya kuchosha isiyo na shukrani, nayo humwangukia muuguzi.

Ndiyo maana anauliza maswali mengi kabla hujaketi: presha, pumu, kifafa, selimundu, mimba, dawa za kuzuia damu kuganda. Dereva wa lori aliyetafuna miraa usiku kucha aseme pia, maana miraa hupandisha presha na kuuharakisha moyo. Hakuna anayekuhukumu.

Hatari ambayo ningependa kila nyumba iijue haianzii kitini. Mizizi ya magego ya nyuma ya taya la chini hushuka chini ya msuli unaotandaza sakafu ya kinywa. Usaha wake basi hautokei kinywani; huteremka chini ya taya na kusambaa pande zote mbili za shingo. Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na bado unaua. Watu hutuliza maumivu kwa karafuu, wengine huweka aspirini juu ya ufizi, ambayo huunguza nyama bila kugusa usaha. Siku mbili tatu zikipita, chini ya kidevu pamekuwa pagumu, ulimi umeinuliwa juu, mate yanadondoka kwa kuwa kumeza hakuwezekani, sauti imebadilika. Njia ya hewa inakaribia kuzibwa.

Mgonjwa wa namna hiyo asilazwe chali. Aketi, ainame mbele kidogo. Na asingoje kliniki ya meno ifunguliwe Jumatatu. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.