Saa Sita, Karura Inawaka

Chukua rimoti ya TV hapo kwa keja, ielekeze kwa kamera ya mbele ya simu, halafu finya batani. Simu mingi zitakuonyesha kataa kadogo kakiwaka zambarau. Toa simu, angalia na macho yako: hakuna kitu. Hiyo ndiyo infraredi, msee. Mwanga uko hapo umejaa, ni vile macho ya binadamu hufika kama nanomita 700 halafu basi.

Mimi nilichanuliwa na mzae mmoja fundi wa Luthuli. Nilikuwa nimempelekea kamera ya mtumba aiangalie batani, akanionyesha hiyo mambo ya rimoti, akasema, "Kijana, hii kamera yako inaona kuliko wewe. Wameiziba tu." Na ni ukweli. Sensa ni ya silikoni, na silikoni hunasa mwanga hadi karibu nanomita 1,100. Wenye kutengeneza huweka kioo chembamba mbele yake, kinazuia infraredi ndio rangi zitoke vile tumezoea. Kumodi kamera ni kutoa hicho kioo na kuweka kingine chenye kinafungia mwanga wa kawaida nje, kinaachilia kuanzia kama 720 kwenda juu. Lakini mabeste, kama kamera iko na flashi, msiifungue na bisibisi ya nyumbani. Kapasita ya flashi hushika karibu volti 300 hata kama betri imetolewa. Peleka kwa mtu anajua kazi.

Yangu ikishamodiwa, Jumamosi nikadandia mathree ya Ruaka, nikashuka Limuru Road, nikaingia msitu wa Karura. Saa sita, jua la utosi. Hiyo saa wapiga picha wengi wameenda kumanga ju jua likichapa hivyo picha hukauka, vivuli vinakuwa vikali. Infraredi nayo inataka hiyo hiyo. Nikaseti weupe wa kamera kwa nyasi, ju usipofanya hivyo kila kitu hutoka nyekundu kama damu. Nikafinya.

Manze, nilisimama hapo kwa njia nikasahau kupisha wasee wa baiskeli. Miti ya mihugu yote ilikuwa nyeupe, ule weupe wa maziwa, tawi kwa tawi. Nyasi nyeupe. Anga nayo imeingia giza mchana, mawingu yametoka kama pamba imewekwa moja moja. Nikashuka hadi Lily Lake, maji yametulia, meusi tii. Na shina za miti zikabaki na kijivu chake, kila mkunjo wa gome unaonekana.

Kuna mabeste huniambia, "Si hiyo ni filta ya simu tu?" Zii. Hapa ndipo huwa nashikwa na moto wa kubonga. Jani hula mwanga mwekundu na wa bluu ndio lijitengenezee chakula, kijani kidogo kinabounce, ndicho sisi huona. Infraredi haina kazi nayo. Inaingia hadi ndani, inagonga zile seli na nafasi za hewa katikati yake, inatawanyika, na karibu nusu inarudi nje. Kwa hivyo huo weupe si rangi imepakwa. Ni jani lenyewe likirudisha jua, kila siku, tangu kabla mtu yeyote akanyage Karura. Na si joto pia. Kamera za kuona joto ni za mawimbi marefu zaidi, hizo ni stori nyingine kabisa.

Wa kwanza kuonyesha dunia hii kitu ni Robert W. Wood, mwanafizikia wa Marekani, mwaka wa 1910. Baadaye jeshi zikaichukua: kitambaa cha kijani huweza kudanganya macho, lakini mara mingi hakirudishi infraredi vile jani hai hurudisha, so adui aliyejificha anajitokeza. Kodak Aerochrome ilitoka kwa ukoo huo wa filamu za kivita, na ndiyo Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland, alibeba hadi mashariki ya Kongo kuanzia 2010. Hiyo ni filamu ya rangi, so milima ya Kivu ikatoka pinki, wanajeshi wamesimama katikati ya hiyo pinki. Kazi yake, The Enclave, iliwakilisha Ireland kwa maonyesho ya sanaa kule Venice mwaka wa 2013. Ukiiona mara moja haikutoki kwa kichwa.

Lakini mimi narudi kwa Karura. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akavuja damu nje ya huu msitu, akijaribu kupanda miti kwa ardhi wakubwa walikuwa wanagawana. Wangefaulu, huo weupe wote kwa skrini yangu ungekuwa paa na simiti. Na simiti nimeichapa pia, pale nje: kijivu baridi, haina kitu.

Nikitoka, afande wa msitu alinisimamisha akitaka kujua napiga nini. Nikampa kamera. Akapitisha picha polepole, bila neno, hadi akafika kwa mti mmoja umeinama karibu na njia.

"Huu ni wangu," akasema. "Hapa ndipo mimi hukaa jua likizidi."

Akanipa namba nimtumie. Jioni nikaona ameuweka kwa profaili yake.