Kufuli Halimjui Mwenye Tovuti

"Lakini tovuti ina kufuli. Si ina maana ni ya kweli?" Swali hili hurudi kila tangazo la kazi ya mgodini linapozunguka kwenye WhatsApp, Kolwezi, Fungurume hadi Tenke. Anayeuliza huwa ameshafungua kiungo, ameona nembo ya kampuni na, kando ya anwani, kufuli dogo. Kilichobaki ni kutuma dola za "kufungua faili" kwa M-Pesa au Airtel Money.

Jibu ni hapana. Lilikuwa hapana mwaka jana pia.

Kufuli lina kazi moja: kuonyesha kwamba kinachopita kati ya simu na tovuti kimefichwa, hakisomwi njiani. Vivyo hivyo lori la shaba linaweza kufika Kasumbalesa na lakiri yake nzima, na lakiri isiseme mzigo ni wa nani wala umetoka wapi. Tapeli naye hupata cheti cha kufuli, bure, kwa dakika chache. Let's Encrypt, inayogawa vyeti hivyo tangu 2015, haidai kitambulisho wala haisomi kilichoandikwa kwenye ukurasa. Mashine yake hukagua jambo moja tu: anayeomba ndiye anayeitawala anwani hii? Ndiye, maana aliinunua jana.

Google wenyewe walichoka. Katika utafiti wao wa 2021, asilimia 11 tu ya washiriki walielewa sawasawa maana ya kufuli. Septemba 2023 Chrome ikaliondoa na kuweka alama ya mipangilio. Kwenye vivinjari vingine bado lipo, na watu bado wanalitafuta.

Wapo wanaojitetea: basi tutaangalia anwani, herufi kwa herufi. Vizuri, ila hata hapo Kongo ina kisa chake. Mwishoni mwa 2020 Fredrik Almroth, mtafiti wa Sweden na mmoja wa waanzilishi wa Detectify, kampuni ya usalama wa mtandao, alikuwa akipekua rekodi za seva zinazoelekeza vikoa (majina ya anwani) vya nchi zote duniani. Kwenye .cd, mwisho wa anwani za Kongo, akakuta scpt-network.com, kikoa chenye jina la shirika la posta na simu la Kongo, kimekwisha muda na hakuna aliyekilipia. Simu ikifungua anwani yoyote inayoishia na .cd, zikiwemo za serikali za gouv.cd, lazima iulize kwanza tovuti hiyo iko kwenye seva ipi. Karibu nusu ya maulizo hayo yangeangukia mikononi mwa yeyote ambaye angenunua jina lile. Tovuti hazikuzimika, kwa kuwa seva nyingine za .cd ziliendelea kujibu kama kawaida. Almroth alivizia; kikoa kilipoachiwa akakinunua yeye, kisha Januari 2021 akawaarifu wasimamizi. Kongo ikahamia scpt-network.net.

Je, kama kingenunuliwa na mwizi? Angeelekeza anwani halisi kwenye seva yake, akaomba cheti. Mashine ya vyeti ingeuliza, seva ya mwizi ingejibu, na kufuli lingetokea: anwani sahihi, kufuli halali, mwizi ndani. Na ile antivirus inayouzwa sokoni kwa wenye hofu isingelia hata mara moja, maana ndani ya simu hakuna kirusi chochote.

Yanayosaidia ni machache, na hayana mvuto. Anwani isomwe kuanzia mwisho, kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya https://: jina la mgodi likifuatwa na nukta kisha kazi-haraka.com, mwenyewe ni kazi-haraka.com. Anayedai pesa ili atoe kazi ni tapeli, mazungumzo yaishie hapo. Tangazo lithibitishwe kwenye ofisi ya kampuni au ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, si kwa kupiga namba iliyo kwenye tangazo lenyewe. PIN ya pesa isiandikwe kwenye tovuti yoyote. Neno la siri la barua pepe lisitumiwe pengine. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Masasisho ya simu yasiahirishwe. Wenye tovuti, ziwe shule, vyama vya ushirika au ofisi za wilaya, waandikishe kikoa kwa jina la taasisi, si la kijana aliyeitengeneza tovuti kisha akahamia Lubumbashi, na ukumbusho wa kulipia uwafikie watu wawili, si mmoja.