Herufi ya Mwisho

Kaeni vizuri, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na siwezi kuianza na "hapo zamani za kale" kwa sababu wengi nitakaowataja wangali hai.

Ukipanda basi Mbeya mjini, ukafika Uyole ukakata kulia, barabara inakupandisha Rungwe kwenye migomba na chai, inapita Tukuyu, kisha inateremka kwenye joto la Kyela. Mwisho wake ni Kasumulu. Hapo kuna daraja juu ya mto Songwe, na ng'ambo ni Malawi. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanasikilizana bila mkalimani, wanaoleana, wanazikana. Sasa endeleeni kusini, safari ndefu, mpaka jiji la Blantyre.

Huko Blantyre, Desemba 2009, mtu aitwaye Tiwonge Chimbalanga, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni, alifanya sherehe ya uchumba na Steven Monjeza. Habari zikaingia gazetini. Siku chache baadaye polisi wakawakamata wote wawili, na Mei 20, 2010, hakimu akawahukumu miaka 14 jela na kazi ngumu. Dunia ikapiga kelele. Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akaenda Malawi na kuonana na Rais Bingu wa Mutharika, na Mei 29 rais akatangaza msamaha. Baadaye Tiwonge alihamia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi.

Sikilizeni hapa sasa. Karibu kila gazeti, la Ulaya na la Afrika, liliandika kwamba Malawi imewafunga "wanaume wawili mashoga". Lakini Tiwonge mwenyewe alikuwa akisema ni mwanamke. Alivaa kama mwanamke, na waliomzoea walimwita "Auntie". Waliomfunga na wengi wa waliobeba mabango kumtetea waligombana kwa kila kitu, ila walikubaliana jambo moja: kwamba Tiwonge ni mwanamume. Yeye hakuulizwa.

Mmewahi kuzisikia zile herufi nne, LGBT. Watu wazima huzitamka kama jina la kabila moja lenye mawazo mamoja. Sivyo. Herufi tatu za mwanzo zinajibu swali la moyo: unampenda nani? Wapo wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, na wanaopenda huku na huku. Herufi ya nne, T, haiulizi hilo hata kidogo. Inahusu mtu wa transijenda. Alipozaliwa, mkunga alimtazama akasema "mvulana", kadi ya kliniki ikaandikwa hivyo, lakini yeye alivyokua amejijua kuwa msichana. Au kinyume chake. Swali lake ni "mimi ni nani?", na akishalijibu, la moyo linabaki palepale kama lilivyo kwa kila mtu.

Na kabla hamjanyoosha mikono: hapana, si sawa na huntha. Huntha amezaliwa na maumbile ambayo hayakukaa waziwazi upande wa kike wala wa kiume. Kenya iliwahesabu katika sensa ya 2019 na kupata watu 1,524. Hadithi yao ni nyingine, na inastahili jioni yake.

Basi, kama maswali ni mawili, kwa nini watu hawa wakafungwa furushi moja?

Jibu fupi ni kwamba aliyewafunga mara nyingi si wao. Anayerusha jiwe hasimami kwanza kuuliza unampenda nani au wewe ni nani. Anatazama nguo, anasikiliza sauti, anaangalia mwendo, basi. Sheria nazo zimefanya vivyo hivyo. Hapa Tanzania kuna kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu, kilichotoka kwenye sheria ambayo Waingereza waliiweka Tanganyika mwaka 1930. Mwaka 1998 Bunge letu likaikaza: adhabu ikawa kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Kifungu hicho kinazungumzia tendo. Hakimtaji mtu wa transijenda popote. Lakini ni nani anayetiliwa shaka barabarani, kabla tendo lolote halijajulikana? Ni yule ambaye nguo zake na kitambulisho chake havisemi kitu kimoja. Uganda walikwenda mbali zaidi. Muswada uliopitishwa na wabunge Machi 2023 ulitaka kumwadhibu hata anayejitambulisha tu, na uliwaorodhesha mashoga na transijenda pamoja. Rais aliurudisha, kipengele hicho kikatolewa, na sheria iliyobaki, kali vilevile, ikasainiwa Mei mwaka huohuo.

Najua kuna mmoja wenu ananong'ona kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu. Swali la haki. Kifungu 154 ndicho kilicholetwa na Wazungu, hilo nina hakika nalo. Kuhusu watu wenyewe, nendeni Oman, ambako Waswahili wengi wana ndugu. Katika mji wa Sohar, miaka ya 1970, mtafiti mmoja kutoka Norway, Unni Wikan, aliwakuta watu walioitwa khanithi. Walizaliwa wanaume, lakini waliruhusiwa kukaa na wanawake katika shughuli ambazo mwanamume mwingine asingethubutu kuzisogelea. Jamii yao ilikuwa na mahali pao. Sisemi palikuwa mahali pa heshima, maana walidharauliwa pia, ila hakuna aliyedhani wameshuka kwenye meli.

Sasa turudi kwenye furushi. Kufungwa pamoja ni jambo moja, kukaa pamoja ni jingine.

New York, Juni 28, 1969, polisi walivamia baa iitwayo Stonewall, na safari hii wateja wakakataa kutawanyika. Vurugu zilidumu siku kadhaa. Siku hizi watu wanaona hapo ndipo harakati za kileo zilipopata nguvu. Miongoni mwa waliokuwapo ni Marsha P. Johnson. Mwaka uliofuata yeye na rafiki yake Sylvia Rivera, ambao siku hizi huhesabiwa kwenye herufi ya T, walianzisha kikundi cha kuwapa malazi vijana waliofukuzwa kwao. Mwaka 1973, kwenye mkutano wa kukumbuka Stonewall, Sylvia alipanda jukwaani kuwasemea wenzake waliokuwa jela. Akazomewa. Na waliomzomea walikuwa mashoga na wasagaji, wenzake wa furushi! Baadhi yao walitaka harakati ionekane ya watu wa staha, wenye suti na kazi za ofisini, na Sylvia hakuwa mtu wa picha hiyo. Aliyechanganya udongo na kukandika ukuta aliambiwa asiketi sebuleni.

Uganda mambo yalianza kinyume. Shirika la Sexual Minorities Uganda liliundwa 2004 likikusanya vikundi vya herufi zote, na mmoja wa waasisi na viongozi wake alikuwa Victor Mukasa, mwanamume wa transijenda. Julai 2005 kiongozi wa mtaa aliingia nyumbani kwake Victor akiwa hayupo, akachukua makaratasi. Mgeni wake, Yvonne Oyo, mwanafunzi kutoka Kenya, alipelekwa polisi na kuvuliwa nguo ili wahakikishe ni mwanamke. Victor na Yvonne wangeweza kunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, kwa kuwa katiba inampa kila mtu faragha na utu. Mtu wa herufi ya mwisho ndiye aliyewafungulia wenzake wote mlango ule. Watu wanapouliza wa transijenda wana nafasi gani katika harakati hizi, mimi huanza na Kampala kabla ya New York.

Lakini aliyenifikirisha zaidi ni Mkenya, na ninyi wa kidato cha nne mtamwelewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa sababu hadithi yake ni ya cheti.

Audrey Mbugua alifanya mtihani wa kumaliza sekondari mwaka 2001 na kufaulu vizuri sana, daraja A-. Cheti kikatoka na jina la kiume na alama ya jinsi ya kiume, kama alivyoandikishwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Maseno kusoma sayansi ya tiba. Baadaye akaanza kuishi kama mwanamke na kubadili jina kisheria. Hebu fikirini kilichofuata. Anaingia ofisini kuomba kazi, amevaa sketi, anaitwa Audrey, anatoa cheti chenye jina Andrew. Mwajiri anatazama cheti, anamtazama yeye, anatazama cheti tena. Ama ameiba cheti cha mtu, ama ana matatizo. Kazi hakuna. Alama zote zile alizozikeshea usiku zikawa karatasi isiyomfaa, kwa ajili ya jina moja na alama moja ya jinsi.

Audrey aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya libadilishe cheti. Likakataa. Akalishtaki. Mbele ya Jaji Weldon Korir hoja ikawa nyepesi ajabu: mtihani ulipima hesabu na baiolojia, haukupima jinsi ya mtu, sasa alama ya jinsi inafanya nini kwenye cheti? Oktoba 7, 2014, jaji aliamuru kitolewe kipya, chenye jina la Audrey, bila alama hiyo. Miezi michache kabla, Julai, jaji mwingine, George Odunga, alikuwa ameamuru shirika la Audrey na wenzake, Transgender Education and Advocacy, liandikishwe baada ya kuzungushwa kwa miaka.

Na hapa ndipo Audrey anapowaudhi wengi. Amesema waziwazi, tena mara nyingi, kwamba hapendi kutiwa kwenye kapu la mashoga. Katika kitabu Queer African Reader cha 2013 aliandika insha kali akiwalaumu wanaharakati wanaozungumza kwa niaba ya watu wa transijenda huku wakiwasahau. Wengine wakamwona msaliti: mvua inanyesha, wewe unatafuta mwavuli wako peke yako? Mimi simwoni hivyo. Tazameni tarehe. Shirika lake lilipata amri ya kuandikishwa 2014. Shirika la Eric Gitari la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lililoanza kuomba kuandikishwa kipindi hichohicho, lilipanda ngazi zote za mahakama na kupata ushindi Mahakama ya Juu Februari 24, 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Katikati yake, Mei 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya sheria ya Kenya vinavyoadhibu tendo. Njia ya cheti ilikuwa fupi kwa sababu haikuwa na tendo la kuhukumiwa, ilikuwa na karatasi ya kusahihishwa. Mwenye kujua hilo akichagua njia yake, mwacheni apite.

Walakini simkubalii yote. Siku askari anaposimamisha gari usiku, au kijiwe kinapoanza kupiga mbinja, hakuna anayesoma uamuzi wa Jaji Korir. Siku hiyo wa T na wa G wako kwenye shimo moja, na anayedai hawajuani anajidanganya.

Na huku kwetu je? Nyanda za Juu Kusini tunaijua sana hesabu moja, ya UKIMWI. Utafiti wa 2007/08 ulikuta Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, na maambukizi ya asilimia 15.7, karibu mara tatu ya taifa. Ule wa 2016/17 ulikuta zaidi ya watu 11 katika kila 100 wenye miaka 15 na kuendelea, Njombe na Iringa, na zaidi ya 9 Mbeya. Kila mmoja wenu ana jina la mtu aliyezikwa.

Februari 2017 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kusitishwa kwa huduma za UKIMWI katika vituo 40 nchini, akisema vimekuwa vikihamasisha ushoga. Mabishano yakawaka, na mengi yalikuwa juu ya mashoga. Watu wa transijenda waliokuwa wakichukua dawa au kupimwa kwenye vituo hivyo hawakutajwa sana. Si ajabu. Kwa miaka mingi, takwimu za UKIMWI duniani zilimwandika mwanamke wa transijenda kwenye safu ya wanaume. Ni 2014 tu Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo unaowataja kama kundi lao, pembeni ya makundi mengine manne. Ukimhesabu mtu mahali ambapo hayupo, utampelekea elimu isiyo yake, muuguzi atamwita kwa jina ambalo hageuki akiitwa, na mara ya pili hatarudi kuchukua dawa.

Kwa hiyo mkiniuliza waandamane pamoja au kila mmoja kivyake, nitawaambia hilo ni lao kuamua. Mimi ningeanza na daftari la kliniki: safu moja zaidi, kichwa chake kimeandikwa vizuri, na mtu mwenyewe ameulizwa ajazwe wapi.